Mzee aliyepokea amana yangu ya nyumba amefariki, na mwanawe ananiambia nikamdai marehemu

Mama Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Mukono, hapa Uganda. Mimi ni mwalimu wa Kemia katika shule ya sekondari, mzaliwa wa Busia na mama wa watoto wawili. Jambo linaloninyima usingizi ni shilingi 650,000 nilizoweka kama amana ya nyumba, ambazo sasa kila ninayemwuliza ananielekeza kwa mtu mwingine, na wa mwisho kutajwa ni marehemu.

Mwezi Januari 2023 nilipanga nyumba huko Kireka kwa kodi ya shilingi 650,000 kwa mwezi. Mzee mwenye nyumba alinitaka nilipe miezi mitatu ya kwanza pamoja na mwezi mmoja wa amana, yaani ile ambayo hapa watu huiita sekyuriti, nami nikamkabidhi shilingi 2,600,000 taslimu mbele ya dalali aliyenipeleka. Tuliandikiana mkataba wa kurasa mbili, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akaupiga muhuri, na mkataba huo unasema kwamba amana itarudishwa mpangaji atakapoondoka, baada ya kukatwa gharama za uharibifu na bili ambazo hazijalipwa. Kosa langu, ambalo sikuliona siku ile, ni kwamba risiti aliyoniandikia mzee kwa mkono wake inasema tu "shilingi 2,600,000, kodi ya nyumba", bila kutaja amana.

Kuanzia Aprili mwaka ule nililipa kila mwezi kwa pesa za simu, bila kuruka hata mwezi mmoja. Mzee alifariki Agosti 2024. Nilikwenda msibani, nikatoa mabugo, yaani mchango wa rambirambi, kama wapangaji wenzangu, nikasafiri na jamaa zake hadi kijijini kwa maziko. Pale msemaji wa familia alitangaza, kama ilivyo desturi, kwamba anayemdai marehemu na anayedaiwa na marehemu ajitokeze azungumze na familia. Mimi nilinyamaza. Niliona aibu kumdai mtu ambaye jeneza lake lilikuwa bado mbele yetu, na isitoshe nilikuwa ningali ninaishi katika nyumba yake.

Baada ya hapo kijana wake mkubwa, ambaye ndiye aliyesimikwa kuwa mrithi kimila, alinipigia na kuniagiza niwe namlipa yeye kwa namba yake ya simu, nami nikafanya hivyo hadi mwisho. Nilipohamishiwa Mukono nilimpa taarifa ya mwezi mzima kwa WhatsApp, akajibu "sawa, mwalimu", na nikaondoka tarehe 31 Oktoba 2025.

Nilipouliza amana yangu, kwanza alisema haijui, kwa kuwa zile 2,600,000 zilikuwa kodi ya miezi minne. Wiki moja baadaye aliniandikia kwamba "sekyuriti yako imeishia kwenye rangi, sinki na maji", yaani rangi 400,000, sinki la jikoni 150,000 na bili ya maji 96,000. Nilipobisha alisema kwamba pesa hizo hakuzila yeye, na kwamba kama nina uchungu nazo nikamdai aliyezipokea.

Nakiri kwamba sinki lilipata ufa baada ya mwanangu kuangusha sufuria, na fundi bomba niliyemwuliza anasema kubadilisha sinki la aina ile ni shilingi 85,000 pamoja na kazi yake. Bili ya maji ni ya mita moja tunayoitumia nyumba mbili, kwa hiyo sehemu yangu ni 48,000. Kuhusu rangi, jirani yangu ananiambia kwamba mpangaji mpya, mama mwenye mtoto mchanga, ameingia tangu katikati ya Novemba na kuta ziko vilevile nilivyoziacha. Mtunza nyumba nilimpa ufunguo mmoja. Wa pili ninao, na nimeapa kwamba siurudishi mpaka nilipwe.

Rafiki yangu mmoja ananilaumu kwa kutokataa kulipa kodi ya mwezi wa mwisho ili amana iishie humo, na mwingine anataka twende polisi. Je, nina haki yoyote iliyobaki, au aibu yangu ya siku ya maziko imenifungia mlango?

Mwalimu, Mukono

*

Mwalimu,

Nitaanza na ufunguo, ijapokuwa najua hukuniandikia kwa ajili yake. Urudishe wiki hii. Ndani ya nyumba ile sasa analala mama na mtoto wake mchanga, watu ambao hawakukudhulumu kitu, na mlango wao unafunguliwa na ufunguo ulio kwenye mkoba wa mtu wasiyemjua. Siku kitu kikipotea mle ndani, wewe ndiwe utakayetajwa wa kwanza, na hutakuwa na jibu. Zaidi ya hayo, mwenye nyumba anayetaka kukusumbua anaweza kusema kwamba mpangaji ambaye hajakabidhi funguo zote hajaondoka, akaanza kukuhesabia kodi ya Novemba na kuendelea. Ufunguo ule hauna thamani ya shilingi 650,000 kwake, maana kubadilisha kitasa ni kazi ya saa moja, ila kwako unaweza kuharibu madai ambayo, kwa jinsi ulivyoyaeleza, ni mazuri sana. Mpelekee mtunza nyumba ukiwa na shahidi, umwombe atie saini kwenye karatasi yenye tarehe kwamba amepokea ufunguo wa pili na wa mwisho, kisha uipige picha karatasi hiyo na kumtumia kijana wa mzee.

Sasa nijibu swali lako lenyewe. Aibu yako haikufunga mlango wowote. Tangazo la pale maziko ni desturi njema, kwa kuwa huiwezesha familia kujua mapema mzigo ulioachwa, lakini si mahakama na halina tarehe ya mwisho. Deni ambalo halikutajwa mbele ya jeneza linabaki kuwa deni. Sheria ya Uganda inampa anayedai kwa msingi wa mkataba miaka 6 ya kufungua shauri tangu siku haki yake ilipovunjwa, na kwako siku hiyo haikuwa siku ya msiba, kwa sababu amana haikuwa imefikia wakati wa kurudishwa. Ilifikia wakati huo ulipotoka Oktoba 2025. Hata kama ungejitokeza siku ile ya Agosti, familia ingeweza kukujibu kwa haki kwamba wewe bado ni mpangaji, usubiri. Kwa hiyo hukupoteza kitu kwa kunyamaza, na heshima uliyompa mzee ibaki kuwa heshima tu, usijute kwa ajili yake.

Mkataba wako haukuzikwa naye. Mtu anapofariki, mali yake na madeni yake hubaki pamoja kwa jina moja la mirathi, na wajibu wa anayesimamia mirathi ni kulipa madeni kwanza kabla warithi hawajagawana kilichobaki. Hapa lazima tutofautishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya, na huenda kijana mwenyewe anayachanganya. Mrithi anayesimikwa kimila ni mlezi wa jina na heshima ya marehemu katika ukoo, lakini kusimikwa huko hakumpi mamlaka ya kisheria juu ya nyumba za kupangisha. Mamlaka hayo hutolewa na mahakama kwa barua za usimamizi wa mirathi, au kwa kuthibitisha wasia kama marehemu aliuacha, na familia inayoomba barua hizo kwa kawaida hupitia kwanza ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi ili kupata cheti cha kutokuwa na pingamizi. Muulize kijana kwa upole na kwa maandishi ni nani aliyepewa barua hizo. Akisema ni yeye, basi deni lako liko mezani kwake. Akisema ni mama yake au dada yake, utamwandikia huyo na kumpa yeye nakala. Na akisema hazijatolewa kwa mtu yeyote, basi amekuwa akikusanya kodi ya mali ya marehemu bila mamlaka ya mahakama, na sheria ya urithi humwajibisha mtu wa namna hiyo kwa wanaomdai marehemu, kwa kiasi cha mali iliyopita mikononi mwake. Wewe peke yako umempelekea kodi ya zaidi ya mwaka mzima. Vyovyote atakavyojibu, hawezi kupokea kodi kwa mkataba ule ule na papo hapo kuukana wajibu ulioandikwa katika mkataba huo.

Kuhusu risiti, nimeifikiria sana, kwa sababu ndiyo silaha pekee aliyo nayo, nami nataka uone jinsi inavyomgeukia. Yeye anasema zile 2,600,000 zilikuwa kodi ya miezi minne. Haya, tumkubalie kwa dakika moja. Kama ni hivyo, ulikuwa umelipa Januari, Februari, Machi na Aprili, na malipo yako yaliyofuata yangekuwa ya Mei. Lakini ulilipa Aprili, na mzee akapokea bila kukurudishia. Kuanzia Aprili 2023 hadi Oktoba 2025 ni malipo 31 ya shilingi 650,000, yaani 20,150,000. Ongeza zile 2,600,000 za mwanzo, jumla yako ni 22,750,000. Nyumba uliikaa miezi 34, ambayo kodi yake ni 22,100,000. Kuna shilingi 650,000 za ziada katika hesabu, na hakuna namna ya kuzipangusa: ama ni amana, kama mkataba unavyosema, ama ni kodi uliyolipa kupita kiasi, na katika hali zote mbili ni pesa yako. Wewe ni mwalimu wa sayansi, utaiandika hesabu hii vizuri kuliko mimi. Nenda kwenye kampuni ya simu uliyotumia, uombe taarifa ya malipo ya miezi hiyo yote, uichapishe.

Halafu kuna ule ujumbe wake kwamba "sekyuriti yako imeishia kwenye rangi, sinki na maji". Usiufute, na wala usiuache kwenye simu moja tu ambayo inaweza kuibwa kwenye teksi. Mtu hawezi kumaliza pesa ambayo haikuwapo, kwa hiyo kwa sentensi hiyo moja amekiri kwamba amana ilikuwapo na kwamba aliijua. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 inakubali ujumbe wa namna hiyo kuwa ushahidi, na Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022, inayodai mkataba wa upangaji wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwe katika maandishi, inahesabu pia ujumbe wa kielektroniki kuwa maandishi. Mkataba wako wa karatasi, wenye muhuri wa LC1, ulitimiza sharti hilo tangu siku ya kwanza, na dalali aliyeshuhudia pesa zikihesabiwa mtafute mapema kabla hajabadilisha namba ya simu.

Tuje kwenye makato, na hapa nakuomba uwe mkweli kama ulivyokuwa katika barua yako, kwa sababu ukweli huo ndio utakaomfanya msikilizaji yeyote akuamini katika mengine. Sinki ulilivunja, basi ulilipe. Lakini mwenye nyumba anastahili gharama halisi ya kurudisha kilichoharibika, si bei aliyoitaja kwa kukisia, na kwa kuwa wewe una makadirio ya fundi ya 85,000, yeye aonyeshe risiti ya 150,000 kama anayo. Maji ya nyumba ya pili si maji yako. Omba bili yenyewe ya Shirika la Taifa la Maji, uangalie tarehe ambayo mita ilisomwa, kwa maana bili iliyosomwa baada ya kuondoka kwako itakuwa na maji ya mpangaji mpya ndani yake. Umeme haukutajwa, nami naamini ni kwa sababu mita ni ya Yaka na kila mtu hulipa kabla ya kutumia.

Rangi ndiyo inayoniuma zaidi, kwa kuwa karibu kila mpangaji anayenyimwa amana katika mji huu hunyimwa kwa jina la rangi. Ukuta uliopakwa rangi miaka mitatu iliyopita hufifia hata kama nyumba imekaa tupu. Mikono ya watoto kando ya swichi, alama ya kochi ukutani, tundu la msumari wa pazia, huo ni uchakavu wa kawaida wa kuishi, na ndio ambao kodi ya kila mwezi imekuwa ikiulipia. Uharibifu ni kitu kingine: ukuta uliobomolewa, mlango uliovunjwa, michoro ya rangi ya mafuta sebuleni. Mkataba wako umetaja uharibifu, haukutaja kupaka rangi upya. Tena, kama jirani yako amesema kweli, kazi hiyo haikufanywa kabisa, na gharama ambayo haikutumika haiwezi kukatwa kwa mtu. Mwombe jirani picha kama mpangaji mpya ataridhia, lakini usimwingize mama yule katika ugomvi huu zaidi ya hapo.

Kwa hesabu ya haki, basi, 650,000 toa 85,000 na 48,000 inabaki 517,000. Hicho ndicho kiasi utakachodai, kwa barua fupi, yenye tarehe, kwa Kiingereza au kwa Kiganda ili asije akasema hakuielewa. Eleza tarehe ya mkataba, kiasi cha amana, tarehe ya kuondoka, makato unayoyakubali na sababu yake, kiasi kinachobaki, namba ya simu ya kupokelea, na kwamba unampa siku 14. Usimtukane, na usimtaje babake ila kwa heshima. Kabla ya kuipeleka, ningekushauri umtembelee mjane wa mzee, kama yupo na kama mlikuwa mnasalimiana. Mweleze kwamba hukutaka kulitaja jambo hili wakati wa msiba. Familia nyingi hazipendi kusikia kwamba jina la marehemu linazungushwa mtaani kwa sababu ya deni, na mama akijua huenda mambo yakaisha kwa chai.

Yasipoisha, siku hizo 14 zina maana maalumu. Uganda ina utaratibu wa madai madogo katika mahakama za mahakimu, uliowekwa na kanuni za mwaka 2011, kwa ajili ya madeni, kodi za nyumba na bidhaa zisizolipiwa, mradi dai lisizidi shilingi 10,000,000. Mdai hutakiwa kwanza kumpa mdaiwa notisi ya siku 14, na zikipita bila malipo hujaza fomu mahakamani, kisha pande zote mbili hujieleza zenyewe kwa kuwa mawakili hawaruhusiwi kumwakilisha mtu humo. Mwalimu aliyezoea kusimama mbele ya darasa hatashindwa kujieleza mbele ya hakimu. Njia nyingine ni mahakama ya LC1 ya kijiji kile cha Kireka, ambayo kwa Sheria ya Mahakama za Mabaraza ya Mitaa ya mwaka 2006 inaweza kusikiliza madeni na mikataba yenye thamani isiyozidi shilingi 2,000,000. Faida yake ni kwamba mwenyekiti aliyeupiga muhuri mkataba wako, au aliyemrithi katika kiti hicho, anaifahamu nyumba na familia. Ugumu wake ni huo huo, kwamba anaifahamu familia, na kwamba mazungumzo yatakuwa kwa Kiganda. Kama Kiganda chako ni cha kusalimia tu, nenda na mtu anayekisema vizuri, na ukitakiwa kulipa ada ya kikao udai risiti. Mimi ningeanza LC1, kwa sababu watu wanaowajua wote wawili mara nyingi hulimaliza jambo katika kikao kimoja, na kama nikiona wanavuta muda ningeenda kwa hakimu bila kuomba radhi.

Polisi waache. Hili ni dai la mkataba, si kosa la jinai, na kituo cha polisi si mahali pa kukusanyia madeni. Utapoteza siku, utatumia nauli, na kijana atapata sababu ya kusema kwamba ulitaka kumfunga.

Kuhusu rafiki anayekulaumu kwa kulipa mwezi wa mwisho, naelewa anakotoka, na najua wapangaji wengi hufanya hivyo kwa kuogopa yaliyokupata. Lakini ungefanya hivyo bila makubaliano ya maandishi, leo wewe ndiwe ungekuwa mdaiwa wa kodi, na zile hesabu za malipo 31 yasiyokatika, ambazo ndizo nguzo ya madai yako, zisingekuwapo. Ulilipa ulichopaswa kulipa, na sasa unadai unachopaswa kulipwa ukiwa na mikono safi.

Atakapokubali kulipa, jambo ambalo naliona linawezekana sana, huenda akaleta karatasi ya kutia saini. Isome. Kama amekupa 200,000 na kuahidi zilizobaki, karatasi iseme hivyo hivyo, na itaje tarehe ya kumalizia. Usitie saini kwenye maneno kwamba umelipwa yote mpaka umeziona zote 517,000 kwenye simu yako. Na kwa mwenye nyumba wako mpya huko Mukono, kama ulimlipa kodi na amana kwa pamoja, mwombe wiki hii akuandikie risiti mbili, moja ya kodi na moja ya amana, kisha mtembee naye chumba kwa chumba mkipiga picha za kuta, sinki na mita ya maji.